Mashine Inayosikia Ubani

Bagamoyo, 8 Februari 1976

Kaka yangu Alawi, shikamoo.

Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa umevaa sweta na umeshiba. Sisi huku wazima. Mume wangu Msabaha yuko kwenye mabwawa ya chumvi kule Nunge, jioni anarudi miguu myeupe mpaka magotini kama kavaa soksi. Mama mkwe wangu Bi Mwanaasha anakusalimu sana na anauliza kama huko Uholanzi wanakupa wali. Mwanangu Mina katimiza miezi mitano juzi Ijumaa. Anacheka na kila mtu, hata na kuku. Mzima, ila kifua kidogo.

Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Unajua niliishia darasa la nne, lakini mwalimu Mtoro wa kisomo amesema mwandiko wangu sasa unasomeka hata na mtu mwenye haraka. Ukiona neno limeandikwa vibaya ucheke peke yako, usimwonyeshe mtu.

Sasa lililonifanya nikae chini. Uliandika kwamba huko hakuna kitu chenye harufu, kwamba hata maua yako ndani ya kioo na hayanuki. Niliona uchungu. Nimekufungia ubani kidogo kwenye kipande cha kanga ya marehemu mama. Ni ubani wa Bi Mwanaasha, ule anaomfukizia Mina kila siku akishaogeshwa. Mimi nafunga dirisha moshi usipotee bure, yeye anaweka chetezo chini, tunamfunika mtoto kanga na kumpitisha juu ya moshi mara saba. Uuchome kidogo tu utamwona mama, Mungu amrehemu, amechuchumaa anafukiza maharusi wa watu, na macho yake mekundu.

Halafu watu wananiuliza, kaka yako anasomea nini? Nasema mitambo. Wanasema mitambo gani? Hapo nawaaga. Nieleze, na unieleze kwa Kiswahili cha nyumbani.

Mdogo wako,
Mardhiya


Uholanzi, 3 Machi 1976

Mardhiya mdogo wangu, marahaba.

Salamu zako zimenikuta mzima, na sweta mbili. Msalimie shemeji Msabaha na umpe Bi Mwanaasha shikamoo yangu. Mwambie wali upo, ila wanaupika kama uji na wanautia sukari.

Nilipofungua ile kanga nilikaa chini, mdogo wangu. Wenzangu wakaja mlangoni mmoja mmoja wakiuliza kuna nini humu, kunanukia hivi.

Umeuliza nafanya nini. Sikiliza basi. Hapa maabara tuna taa iitwayo leza. Mwanga wake hautawanyiki kama wa karabai, unakwenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Na huu wetu hauonekani kwa macho. Ukiweka ubao mbele yake, unaona ubao unatoa moshi na huoni kinachouchoma. Kioo cha kawaida kwake ni ukuta, haupiti. Unajua unapita wapi? Kwenye chumvi. Chumvi ile ile ya Msabaha, isipokuwa imekuzwa ikawa donge moja safi, ikakatwa na kung'arishwa mpaka unaona upande wa pili. Mashine yetu ina madirisha ya chumvi, Mardhiya. Kazi yangu mimi ni kuyatunza. Haturuhusiwi hata kuyapumulia, yatayeyuka.

Katikati ya madirisha hayo kuna bomba dogo, ndani yake tunatia hewa tunayotaka kuijua. Mbele ya mwanga kuna sahani yenye matundu inazunguka, inaukata mwanga, pita, simama, pita, simama, mara mamia kwa sekunde. Hewa ikipigwa na mwanga inapata joto inavimba, ukikatika inapoa inanywea. Kuvimba na kunywea huko ni mlio. Hewa yenyewe inageuka ngoma, na kando yake kuna sikio dogo la umeme linausikiliza. Tena kila aina ya hewa inaitikia rangi yake tu ya mwanga, kama mwalimu Mtoro anapoita majina. Akiita Ashatu haitiki Mwinyijuma. Bomba likiwa na hewa safi, unaita rangi zote na mashine inakaa kimya.

Wenzangu Wazungu wanasema wananusa. Sisi watu wa pwani ndio tunaosema nasikia harufu. Siku zote nilidhani ni kusema tu. Sasa nimekaa mbele ya mashine inayosikia harufu kwa sikio, na sijui nimcheke nani.

Tulichoma chembe ya ubani wako juu ya mkaa, tukavuta moshi ndani ya bomba. Uliitika kwa sauti ambayo hatukuitegemea. Kuna hewa ndani yake ya ukoo wa petroli, na nyingine inayochoma koo, na nyingine bado tunaitafutia jina. Kwa hiyo nakwambia wazi: moshi wa Bi Mwanaasha una sumu. Chumba kikifungwa ni mbaya zaidi.

Umeandika Mina ana "kifua kidogo". Kidogo kiasi gani?

Kaka yako,
Alawi


Bagamoyo, 2 Aprili 1976

Kaka Alawi, shikamoo.

Huku mvua zimeanza, Msabaha hana kazi kwa sababu chumvi haikauki, kwa hiyo yuko nyumbani anaziba paa na kunipa amri. Kisomoni tumefika kwenye kugawanya. Nashukuru kwa maelezo yako, nimeyasoma mara nne, na yale madirisha ya chumvi nimemsomea Msabaha naye akatoka nje kuitazama miguu yake.

Lakini kaka, umenitia mahali pabaya. Kwani umesahau barua ya mtu wa mbali inasomwaje? Ilipokuja tulikaa barazani wote, Bi Mwanaasha kwenye mkeka na Mina mapajani mwake, na jirani yetu Ashatu aliyekuja kuazima kinu akakaa vilevile. Nikasoma kwa sauti, tena kwa kujivuna, maana nilikuwa sikwami. Nikafika pale. "Moshi wa Bi Mwanaasha una." Nikaliona neno linalofuata, mdomo ukafunga.

Bi Mwanaasha akasema, "Una nini? Endelea, mwanangu."

Nikasema mwandiko umefifia.

Ashatu akanyoosha shingo, naye kisomo ameanza kabla yangu. "Mbona haujafifia? Una sumu."

Bi Mwanaasha alinipa mtoto taratibu, akanyanyuka, akasema, "Nimelea wanane kwa chetezo hiki. Leo namtilia mjukuu wangu sumu." Akaingia ndani.

Kesho yake kisimani naulizwa, eti mkweo alikuwa anaweka nini kwenye chetezo? Neno limeshatembea. Tangu siku hiyo hamshiki Mina. Mtoto anamnyooshea mikono, yeye anageuka anatafuta ufagio. Na chetezo ndiyo kwanza anakijaza, asubuhi na jioni, ili sote tujue hakikumuua mtu. Msabaha amekaa katikati, mimi mkewe, yule mama yake.

Mashine yako naiamini. Naogopa tu kwamba haijui kukaa na watu.

Mina hajambo.

Mdogo wako,
Mardhiya


Uholanzi, 26 Aprili 1976

Mardhiya,

Karatasi hii ya kwanza ni yako, usiisome barazani. Ya pili msomee Bi Mwanaasha, na Ashatu akiwepo ni vizuri zaidi.

Nimeandika kama mtu anayeandikia maabara, nikasahau kwamba kuna watu upande wa pili. Nisamehe. Lakini nimeona pia kwamba barua nzima umenieleza baraza, kisima na ufagio, na kifua hukukigusa. "Mina hajambo," umesema, maneno mawili. Wewe hujawahi kusema habari ya mtoto wako kwa maneno mawili.

Alawi

*

Kwa mama yetu Bi Mwanaasha.

Shikamoo, mama. Ni mimi Alawi, mtoto wa marehemu Bi Sihaba, uliyenipokea nilipomleta dada yangu kwako. Nimekukosea, na nakuomba radhi mbele ya wote wanaosikiliza. Neno ndilo nililokosea, mama, jambo sikukosea, na sitakudanganya ili unipende. Kwetu sisi, ukitaja sumu, kuna mtu nyuma yake aliyeitia. Hii haina mtu. Iko kwenye moshi wa kila kinachoungua, wa kuni, wa mkaa, wa sigara ya mkubwa wangu wa kazi. Mtu mzima anaikohoa anaitoa. Kifua cha mtoto ni kidogo kama ngumi, hakina nafasi.

Ubani ule ulinifika umesagika njiani na sikujua ulivyokuwa umechanganywa. Kama utaniwia radhi, nichagulie mwenyewe, kwa mkono wako, unitumie. Mashine itausikiliza tena, na litakalosemwa nitakuandikia kama lilivyo, liwe la kukupendeza au la kuniaibisha mimi.

Mwanao,
Alawi


Bagamoyo, 24 Juni 1976

Kaka yangu Alawi, shikamoo.

Usinilaumu kwa ukimya. Nina mengi, na nataka kuyasema kabla sijaogopa tena.

Kifua cha Mina hakikuwa kidogo hata siku moja. Nilikuwa naandika hivyo kwa sababu neno likishaandikwa linakuwa kweli. Tangu Januari kilikuwa kinapiga mluzi. Nikimlaza nasikia kama kuna mtu ndani anapuliza filimbi ya bua. Tarehe kumi na moja Mei akabanwa, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo ikageuka rangi. Msabaha alitubeba sote wawili kwa baiskeli mpaka hospitali, sijui vipi, hata sasa hajui vipi.

Tulilazwa siku kumi na moja. Na aliyekuja na mkeka wake, akatandika chini ya kitanda cha mtoto na kukataa kuondoka, ni Bi Mwanaasha. Nesi akimwambia saa za kutazama wagonjwa zimekwisha, anamjibu, "Mimi si mtazamaji, mwanangu, mimi ni bibi." Alimpepea Mina kwa kipepeo cha ukili mpaka mkono ukavimba. Chumba kile kina madirisha makubwa yasiyofungwa, upepo unaingia huku unatokea kule, na siku ya nne mluzi ukapungua. Nilimwona anayatazama madirisha.

Barua yako Msabaha aliileta huko huko. Nikaisoma karatasi ya pili, wodi nzima ikisikiliza. Akaendelea kumpepea mtoto, nikadhani kaudhika upya. Halafu akauliza, "Hayo madirisha ya mashine, ni ya chumvi kweli?"

Nikasema ndivyo alivyoandika.

"Na mtu haruhusiwi kuyapumulia?"

"Haruhusiwi, mama."

Akatikisa kichwa. "Mungu ana mambo. Nimeishi na chumvi maisha yangu yote nikaitia kwenye mchuzi tu." Akanishika mkono. "Tukirudi nyumbani uchukue kalamu. Andika ninavyosema, usipambe."

Naandika alivyosema:

"Alawi, mwanangu, marahaba. Radhi umepata. Ubani nimekuchagulia, haukuchanganywa na kitu. Ila wewe ni kijana na umesikiliza ovyo. Ulichoma vyote pamoja, umejuaje nani kati yao anapiga kelele? Barazani wakiongea wanne kwa mara moja hujui nani kasema nini. Basi nakutumia vifungu vitatu. Chenye uzi mweupe ni mkaa wangu peke yake. Chenye uzi mwekundu ni ubani, usikilize bila mkaa. Cha uzi wa kijani ni ubani vilevile, lakini hicho usikiwashe kabisa. Kiache hivyo hivyo ndani ya bomba, kinukie, usikilize. Ubani sitauacha kwa maneno. Lakini mtoto sitamkaribia nao mpaka mashine ijibu. Chetezo nimeshakiweka juu ya kabati."

Hayo ni yake. Mina sasa tuko naye nyumbani, mluzi bado unakuja asubuhi na jioni, hasa Ashatu akiwasha kuni upande wetu. Nangoja jibu kama wewe unavyongoja cheti.

Kuna karatasi ndogo ndani, hiyo ni yangu. Isome ukiwa peke yako.

Mardhiya

*

Kaka, mama yetu alifukiza watu miaka thelathini, na amekufa akikohoa. Nilikuwa naye, wewe ulikuwa shule. Tulisema ni baridi. Je, mashine inaweza kujua?


Uholanzi, 30 Julai 1976

Mardhiya mdogo wangu, na mama yangu Bi Mwanaasha, shikamoo.

Hii someni barazani. Someni polepole.

Mkubwa wetu wa maabara, mzee mmoja mrefu asiyecheka, alivikuta vile vifungu vitatu mezani na nyuzi zake. Akauliza ni vya nini. Nikamtafsiria maneno ya Bi Mwanaasha, lile la wanne barazani pia. Akavua miwani. "Huyu amesoma chuo gani?" Nikamwambia hajakaa darasani hata siku moja, ni mkwe wa dada yangu. Akasema kwamba sisi tulipaswa kufikiria hivyo tangu siku ya kwanza, kisha akasimamisha kazi nyingine zote kwa siku mbili. Mama, watu watano wenye makoti meupe walikuwa wamesimama kuuzunguka mkaa wako.

Uzi mweupe. Mkaa peke yake unatoa hewa inayoua mtu akilala na jiko chumbani. Hiyo leza yetu haiwezi kuisikia, haiitiki rangi zetu. Tuliipima kwa chombo kingine, na ilikuwa nyingi. Nami nimejifunza kwamba hata sikio hili lina uziwi wake.

Uzi mwekundu. Tuliuweka ubani juu ya bamba la moto la umeme, bila mkaa. Nilitamani usiseme kitu, mama. Umesema. Zile hewa za ukoo wa petroli na zinazochoma koo ni zake mwenyewe, si za mkaa peke yake. Ile tuliyokosa jina tumeipata, ni ya moshi wa kila utomvu unaoungua. Vikiwa pamoja ndani ya chumba kilichofungwa, moshi ulikuwa bado unaitika saa nzima baada ya moto kuzimika. Macho yetu hayakuona hata ukungu. Sisi tungesema hewa imesafika.

Uzi wa kijani. Tuliuacha ndani ya bomba siku nzima. Nilipofungua, chumba kikanukia Bagamoyo. Lakini mashine iliponyanyua rangi zake moja moja na kuita, ilinong'ona kidogo sana mara mbili, kisha kimya. Yule mzee akainama, akanusa, akaitazama sindano ya mashine, akanusa tena. Akasema, "Harufu yote ipo, na yale mabaya hayapo." Tulisimama pale kama watu walioingia mahali pa ibada.

Mardhiya, ile karatasi yako ndogo nimeisoma, na jibu lake siwezi kulificha kwenye karatasi nyingine, maana Bi Mwanaasha alimjua mama yetu. Sijui. Mashine inasikia moshi wa leo, ule wa zamani haiusikii. Siku ile ya kwanza nilipofungua kanga ya mama nilikaa chini, nilikuandikia. Sikukuandikia kwamba swali hilo hilo, kabla wewe hujaliuliza, ndilo lililonikalisha.

Kile kifungu cha uzi wa kijani sikukirudisha kabatini. Kiko mfukoni mwa koti langu.

Kaka yako na mwanao,
Alawi


Bagamoyo, 5 Septemba 1976

Kaka yangu mpenzi Alawi, shikamoo.

Habari za huku zote ni za kicheko leo. Chumvi imeshika vizuri, Msabaha anafanya kazi tangu alfajiri, na amemwambia kila mtu Nunge kwamba wanavuna madirisha. Mimi nimefaulu kisomo. Mina kesho anatimiza mwaka, anasimama kwa kushika ukuta.

Barua yako ilisomwa barazani, mbele ya watu kumi na wawili, maana Ashatu aliwaita. Nilipofika kwa yule mzee aliyevua miwani, Bi Mwanaasha alinifanya nirudie mara tatu. "Amesema chuo gani? Rudia." Nilipofika uzi mwekundu alijifunika mtandio mdomoni. Uzi wa kijani nilisoma nikiwa nalia, naye akanipokea barua, akaitazama kama anayejua kusoma, akaikunja.

Kwa mama yetu tulisoma fatiha, wote.

Basi sikiliza alichofanya. Chetezo amekishusha kabatini, akakipeleka mwenyewe mwisho wa ua, nyuma ya mpapai. Huko anafukiza nguo za Mina juu ya tenga, mtoto akiwa kwangu mbali. Akishamaliza anazianika kwenye kamba upepo uzipige mpaka moshi uishe na harufu ibaki, ndipo anavikwa. Chumbani ameweka ubani mbichi kwenye kibakuli cha maji, na dirisha nimeambiwa nikilifunga tena nitakuwa nimetaka ugomvi naye. Ashatu alimwona huko nyuma akamcheka, "Bi Mwanaasha, siku hizi unamfukizia mpapai?" Akamjibu, "Nguo haina kifua, Ashatu. Wewe unacho, sogea huko." Na jana nimemwona Ashatu anahamisha mafiga yake kwenda upande wa barabara. Sikumuuliza.

Leo adhuhuri Mina alilala kwenye mkeka baada ya kunyonya, kavaa gauni lake linalonukia. Nikapiga magoti nikaweka sikio kifuani pake, kama ninavyofanya kila siku na kila siku naogopa. Nikangoja mluzi. Nikasikia moyo, tiki tiki tiki, kama wa kifaranga. Pumzi ikaingia, ikatoka. Nikangoja tena. Kaka, hakukuwa na kitu kingine mle ndani.

Nikamwita Bi Mwanaasha kwa mkono, sikuthubutu kutoa sauti. Akaja, akainama na mgongo wake ule unaomuuma, akaweka sikio lake nilipoweka langu. Alikaa hivyo muda mrefu, nikadhani kasinzia. Alipoinua kichwa shavu lake lilikuwa na alama ya kifungo cha gauni.

Akaninong'oneza, "Mwandikie Alawi. Mwambie mashine ya huku nayo imesikiliza. Imenyamaza."

Mdogo wako,
Mardhiya